Jagi la Tango na Ndimu

Daktari alisema mama anywe maji mengi kwa ajili ya figo zake. Nikamtoa kijijini Nkoma nikamleta kwangu Somanda, na kwa kuwa nimesoma, nikaona maji matupu hayatoshi. Nikakata tango, nanasi na ndimu pamoja na maganda yake, nikavilaza kwenye jagi la maji usiku kucha.

Kufikia saa sita mchana kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Nilishapita sebuleni mara kumi, nikijifanya natafuta chaja.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "kunywa basi."

"Maji uliyooshea matunda?"

"Daktari si alisema?"

"Nilikunywa jana."

Nikaenda jikoni, nikarudi. Akachoka na mimi.

"Hebu kaa chini! Tangu asubuhi unanisukumia kikombe, mwenyewe hujaonja. Nani alikufundisha hivyo?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwenyeji huonja kwanza. Nikakaa, nikapiga funda moja. Yalikuwa machungu kama klorokwini.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akatoa ndimu zote kwa kijiko, akaongeza maji, akaanza kunywa. Kila nilipotaka kuinuka, aliweka kikombe chini. Nikakaa mpaka jagi likaisha.