Karatasi ya Mwisho ya Fundi Masikio

Mama aliondoka asubuhi na shangazi kwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, na hata alipokwisha kuvaa viatu hakuacha kuniagiza.

"Baba yako akiamka usingizi wa mchana, mpe mpira wake na karatasi yake. Usimharakishe. Akimaliza, pokea kwa mikono miwili, umwambie kazi nzuri. Na geti lifungwe."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana naogopa. Mtoto ningemwambia akasikia."

Shangazi akacheka. Mimi sikucheka.

Baba yangu alikuwa mfungaji wa mipira ya gofu. Nilipokuwa shule nikisema hivyo, wenzangu walidhani anafunga mabao, nami sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba hajawahi kushika fimbo ya gofu hata siku moja. Alikaa kwenye karakana iliyokuwa inafufua mipira iliyopotea. Vijana waliizamia kwenye mabwawa ya viwanja, ikaja na matope, ikaoshwa, ikasuguliwa, ikapakwa rangi nyeupe, ikakauka kwenye misumari. Meza ya mwisho ilikuwa ya baba. Aliuviringisha kila mpira katika karatasi ya nta, akaisokota huku na huku mpaka ikatoa masikio mawili, mfano wa peremende kubwa. Kwa hayo masikio ndipo alipopata jina, Fundi Masikio.

Na maboksi yake! Hapo ndipo baba alipokuwa akisahau chakula kikipoa. Kulikuwa na boksi la pande sita lililofunguka kwa juu petali kwa petali. Kulikuwa na bomba refu la karatasi ngumu lenye dirisha la nailoni, ukichungulia unaona masikio yamejipanga. Kulikuwa na boksi lenye umbo la kitabu, lililonunuliwa, kwa maneno ya baba, na mabwana waliotaka wake zao wadhani wanasoma. Mteja alifungua polepole, na wengine walirudi kesho yake wakasema wameshindwa kuufungua mpira, wameuweka kabatini. Baba aliwaheshimu hao kuliko waliocheza.

Karakana ilipofungwa, baba alipita dukani akaiona mipira mipya ndani ya neti ya plastiki. Alirudi nyumbani amenuna.

"Neti! Kama vitunguu! Mtu atajuaje kama anakwenda kucheza au kupika?"

Basi tulicheka. Baadaye ukaja ugonjwa wa kusahau, na hapo kicheko kikaisha. Alinisahau mimi kwanza. Nilimwambia siku moja, "Baba, ni mimi mwanao," akashtuka, akarudi nyuma hadi ukutani na kumwita mama aje amtoe mgeni. Tangu hapo sikuthubutu kusema tena. Akiniita "binti" namwitikia, kama binti yeyote wa watu.

Lakini kazi hakuisahau. Kila akiamka mchana anataka kwenda karakana. Siku moja alitoka bila sisi kujua, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemkuta kwenye mzunguko wa barabara kuu, kati ya malori, akiwaomba madereva wampishe kwa kuwa amechelewa. Mama akatafuta dawa mwenyewe. Alimpa mpira mmoja na karatasi ya nta kutoka kwenye rundo dogo lililobaki la enzi zile. Baba akakaa, akafunga, akamkabidhi, akatulia mpaka jioni. Mama akaenda nyuma ya nyumba akaufungua taratibu, na kesho akampa tena.

Karatasi nazo zina mwisho. Zilipasuka kwenye mikunjo moja baada ya nyingine, na sasa ilikuwa imebaki moja. Mama alikuwa amejaribu karatasi za mikate, za zawadi, za kila namna. Baba huisugua karibu na sikio, anasikiliza, anasema, "Hii siyo," kisha anachukua kofia yake. Kwa hiyo kati ya baba na yale malori palikuwa na karatasi hiyo moja tu, na siku hiyo ilikuwa mikononi mwangu.

Baba alikuwa amelala. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yangu ya kazini, na karatasi ipo pale mezani imejikunja, mikunjo yake imekuwa myeupe. Kila nikiitazama naona itakatika leo. Nikawaza, nikiinyoosha kidogo itadumu. Nilitaka kusaidia, jamani. Nikatandika kitambaa juu yake, kama ninavyofanya kwa nguo laini, nikapitisha pasi.

Chumba kizima kikanuka mshumaa.

Nilipoinua kitambaa, karatasi ilikuja nacho. Nta yote imenywewa na kitambaa, na karatasi imebaki laini, imelegea. Nilipojaribu kuibandua ikaachia vipande vipande. Nikampigia mama simu, haipatikani. Nikampigia shangazi, akasema mama ndiyo kwanza ameingizwa ndani, kuna shida gani? Nikasema hakuna. Ningemwambia nini?

Nikavamia jikoni. Nikatoa karatasi ya kuokea, nikakata mfuko wa unga, nikachukua karatasi nyeupe nikaisugua mshumaa mpaka vidole vikauma. Niliisugua karibu na sikio kama afanyavyo yeye. Kwangu ilikuwa inalia sawasawa kabisa. Kabla sijajua kama najidanganya, baba akakohoa chumbani.

Alitoka amechana nywele, amenawa mikono. Akakaa mezani, akanyoosha kiganja bila kunitazama. Nikampa mpira, na ile karatasi ya mshumaa juu yake. Akaipeleka sikioni. Akaiweka chini kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kama angenifokea.

"Hii siyo."

Nikampa ya kuokea.

"Hii ya mkate hii."

Ya unga hata hakuigusa. Akasimama, akavaa kofia.

"Baba, subiri kidogo, chai iko tayari."

"Chai nitakunywa kazini."

Alinipita mlangoni, akafika getini, akakuta kufuli. Akalitikisa. Kwanza kidogo, halafu kwa nguvu zake zote, mpaka fundi viatu akainua kichwa kule ng'ambo. "Nifungulieni! Nimechelewa!" Akaweka mguu kwenye chuma cha chini, akashika cha juu, akaanza kupanda. Mzee yule, ambaye hata kitandani tunampandisha! Nikamwona ameshaanguka, nyonga imevunjika, na mama anarudi na jicho lake limefungwa bandeji kuja kusikia habari hizo. Nikamng'ang'ania shati kwa nyuma.

"Niache, binti. Nitafukuzwa kazi."

"Hakuna wa kukufukuza!"

"Niache!"

Hapo nikapasuka. Sikupanga. Hofu na hasira zilitoka pamoja kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Karatasi nimeiharibu mimi! Nimeipiga pasi, umesikia? Nimeipiga pasi, na hakuna nyingine!"

Geti likaacha kutikisika. Baba akageuza shingo, mguu bado uko juu ya chuma.

"Umeipiga pasi?"

"Ndiyo."

"Ukaweka na kitambaa juu?"

"Nikaweka na kitambaa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande, akalazimika kuniegemea ili ashuke.

"Nyie wageni nyie! Kila anayeanza kazi lazima aipige pasi. Nyapara hakukwambia? Mgeni haanzi na nta. Mgeni anaanza na gazeti." Akanipita, akaelekea ndani kama mwenye nyumba. "Njoo ukae. Na unawe mikono hiyo."

Nikaleta magazeti ya zamani. Baba akayachana kwa ukingo wa meza, vipande vya mraba vilivyolingana, bila rula wala mkasi. Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwangu. Akanitia mpira kiganjani.

"Usivute karatasi. Zungusha mpira. Kidole gumba kiwe chini."

Gazeti likachanika.

"Tena."

Nililifunga, sikio moja likalala, jingine likasimama.

"Hilo sikio la punda aliyefokewa," akasema. "Tena."

Hakuwa anatazama mlango. Kofia aliivua mwenyewe, akaiweka juu ya goti. Bado niliogopa kuinua macho, nisije nikalivunja lile lililokuwa linatokea.

"Wewe binti wa nani?" akauliza.

"Wa fundi mmoja."

"Anajua uko hapa?"

"Sijui," nikasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Akanyoosha kipande cha gazeti kwa ubapa wa mkono.

"Na mimi ninaye binti. Rika lako, au mdogo kwako, sikumbuki vizuri. Alikuwa anakuja mezani anataka kushika karatasi. Nikimfukuza anarudi. Zilikuwa karatasi za watu zile, ukichana unafokewa mbele ya wenzako. Siku moja nikampiga vidole." Akavitazama vidole vyangu, lakini kama mtu anayekagua kazi tu. "Hakuja tena. Ningempa gazeti tu, sivyo? Hata sikuliwaza gazeti."

Nilikuwa nimebeba uchungu wa siku ile miaka yote, nikijua kwa yakini kwamba baba aliisahau kabla hata ya kuugua. Nilitaka kumwambia ni mimi. Nikaukumbuka ule ukuta alioegemea akimwita mama, nikafunga mdomo.

"Unadhani bado amekasirika?" akaniuliza.

"Alikasirika sana," nikasema. Kumdanganya sikuweza. "Sasa hivi hajakasirika."

Kisha akanisogezea kipande kingine cha gazeti.

"Basi jifunze upesi. Akija, mfundishe wewe. Mimi namwonea aibu."

Nikauchukua mpira, nikaweka kidole gumba chini, nikaanza tena.