Gari Ambalo Baba Hakulitambua

Mjukuu wangu, siku hizi naweza kuitafuta miwani nikiwa nimeivaa, lakini ipo siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka vizuri mno. Ilikuwa siku ya mnada Gendabi. Niliegesha gari la baba yangu, nikateremsha mashuka, chumvi na sabuni, na nilipogeuka nikakuta watu wamekusanyika mbele ya gari wanacheka. Chini ya injini palikuwa na kidimbwi cheusi cha oili. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Gari ya Binti Omari haina adabu, inakojoa mbele za watu!" Nikacheka pamoja nao, ila kwa meno tu.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulinijia na simu yako ukanionyesha picha ya sakafu yenye oili, na habari kwamba fundi anataka kushusha injini yote. Gari ni lile lile. Wewe unaliita klasiki na unataka kulipeleka kwenye maonyesho Arusha. Sisi tulikuwa tunaliita gari tu. Basi kabla hujamjibu fundi, keti nikusimulie nilivyokosea mimi.

Baba yangu alifanya biashara hapa Katesh, akizunguka minada ya Gendabi, Gehandu na Getanuwas. Macho yalipomzimika kabisa, ufunguo alinipa mimi, binti, na kaka zangu wakanuna mwaka mzima. Yeye akabaki kibarazani, kazi yake ikawa kusikiliza. Gari lile lilikuwa na mlio wa tapeti, vile vyuma vidogo vya juu ya injini, tak-tak-tak, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Jioni nikivuka korongo pale chini, baba alikuwa anausikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisimama, akashika nguzo, akamwambia mama, "Weka chai, mtoto amefika." Hakukaa tena mpaka nizime injini. Hiyo ndiyo furaha iliyokuwa imembakia, nami niliiona kama kitu cha kawaida.

Sasa turudi mnadani. Watu walipotawanyika alikuja Mzee Gidahoda, mfugaji wa Getanuwas, rafiki wa baba wa siku nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akachuchumaa na fimbo yake, akatazama chini ya gari, kisha akainuka akatazama juu.

"Hii oili inatoka wapi?"

"Nyuma ya injini, mzee. Fundi anasema ni sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili. Lazima injini ishuke, ifunguliwe yote."

"Wewe umeona inatoka hapo?"

"Si unaona inadondokea hapo?"

"Hapo inaangukia tu. Mimi ng'ombe yangu nikiona damu kwenye kwato, naosha mguu wote mpaka juu. Siku nyingine nakuta kidonda iko begani. Osha gari, binti yangu. Halafu endesha kidogo, uangalie."

Nilimwitikia kwa heshima zote, na moyoni nikamcheka. Mchunga ng'ombe anifundishe mimi injini! Ukweli ni kwamba sikuwa natafuta mahali panapovuja. Nilikuwa natafuta kuwaziba watu midomo. Nilitaka gari liwe jipya kila mahali, ili mnada unaofuata atakayecheka acheke peke yake. Baba nilimwambia nalipeleka likarekebishwe kidogo. Akaniambia, "Wasiliguse sana." Nikasema, "Sawa, baba," na kesho yake injini ikawa chini.

Sili ya nyuma ilikuwa nzima, kavu kabisa. Fundi alinionyesha mwenyewe, anakuna kichwa. "Lakini si tumeshafungua," akasema, "tumalizie tu." Hapo ningeweza kusimamisha kazi, mwanangu. Aibu ikanishika, nikasema tumalizie. Silinda zikaenda kuchongwa Arusha, zikaja pistoni mpya na ringi mpya, tapeti zikarekebishwa zikatulia. Masika yote gari lilikaa juu ya magogo. Baba mwanzoni aliuliza kila siku, baadaye akawa anauliza mara mojamoja, mwishowe akaacha kuuliza.

Siku lilipotoka gereji nililipeleka Gendabi, nikalizungusha mnadani makusudi ili walione. Lilikuwa linateleza kimya, nami kichwa kimevimba. Jioni nikavuka korongo, nikapanda mpaka nyumbani, nikaegesha mbele ya kibaraza. Baba alikuwa amekaa. Nikazima injini. Hakusimama. Aligeuza uso upande wa jikoni akamwambia mama, "Kuna mgeni ameegesha gari nje. Mkaribishe."

Niliumia, mwanangu, sina neno jingine. Nikateremka nikamwambia, "Ni mimi, baba."

"Gari liko wapi?"

"Ndilo hili."

Nikamshika mkono mpaka kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu. "Sawa," akasema. "Limekuwa zuri. Limenyamaza." Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Asubuhi nikakuta oili chini, pale pale pa siku zote. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Gidahoda. Nikachukua mafuta ya taa, brashi na sabuni, nikaosha injini mpaka chuma kikaonekana. Nikaendesha mwendo mfupi, nikarudi, nikafungua boneti. Oili mpya ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye kava la tapeti, juu kabisa, upande wa nyuma, inashuka mgongoni mwa injini mahali ambapo jicho halifiki. Kava lilikuwa limepinda kidogo, na fundi alilirudisha vile vile lilivyokuwa. Nikalinyoosha, nikaweka chini yake gasketi mpya ya kuziba, na kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Nilipokutana tena na Mzee Gidahoda nikamwambia yote. Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Na baba yako, anaendeleaje?"

Tangu siku ile nikawa napiga honi mara mbili nikifika korongoni, baba apate kujua ni mimi. Alijifunza kusimama kwa honi, lakini honi ni ya kila mtu. Siku nyingine alisimama kwa ajili ya lori la mahindi, akasubiri, halafu akakaa tena. Nimemwona kwa macho yangu. Wewe umenicheka miaka mingi kwamba bibi anapiga honi korongoni wakati hakuna hata mbuzi barabarani. Sasa unajua.

Basi nasaha yangu ni hii. Osha injini kwanza, uendeshe, kisha uanze kutazama kutoka juu ukishuka chini. Ukikuta gasketi, badilisha gasketi, usione haya kwamba kazi ilikuwa ndogo. Lakini ukikuta oili imeingia kwenye maji ya rejeta, au moshi wa buluu unatoka hata injini ikiwa imeshapata moto, basi ugonjwa uko ndani; fungua, jenga upya, wala usibane mkono, kwa sababu kubandika viraka kwenye injini iliyochoka nako ni kujidanganya. Mimi sikatai kujenga upya. Nakataa kufungua kitu kizima kwa sababu watu wamecheka. Na fundi akikuambia "tumeshafungua, tumalizie," mwombe dakika moja, nenda nje ufikirie. Tena usimfiche mwenye gari, kama mimi nilivyomficha baba. Uliza ni nani mwingine analitegemea gari hilo, na kwa jambo gani, hata kama halimo katika mambo ya fundi.

Macho yangu nayo unajua yalivyo. Miaka imezichakaza tapeti tena, na mlio niliomnyima baba yangu ndio ninaokungojea mimi kila jioni, nikiwa kibarazani pale pale.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe moyo wa kuosha kabla ya kufungua, na kila jioni akuvushe korongo salama, unikute nimeshasimama.