Albamu ya Pili ya Shemeji

Wenyewe walisema wanapiga roki laini. Ulaini niliusikia, hiyo roki naitafuta mpaka leo. Walikuwa watu wanne wa Kibiti wenye magitaa, kinanda na dramu za kuazima, na mwimbaji wao alikuwa mume wa dada yangu. Albamu ya kwanza niliivumilia. Alimsifia dada macho, akamsifia mwendo, kisha akamsifia macho tena kwa kuwa maneno yalimwishia. Nyimbo zile zilipigwa harusini watu wakila pilau, na mtu anayekula pilau hana neno na muziki wowote.

Kisha akaenda Dar es Salaam kurekodi ya pili. Aliaga kama mtu anayekwenda gengeni, na hakurudi. Matumizi hakutuma, simu hakupokea, na talaka hakutoa. Dada akaondoka kwenye chumba chao cha kupanga pale Kibiti, akaja kukaa nami Bungu, ambako nina cherehani yangu kwenye baraza la duka, akaanza kukaanga mihogo stendi. Alikaa hivyo miaka miwili, mke jina tu.

Ndipo albamu ikatoka. Tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho ni mwanamume mmoja analia. Mke kamkimbia, kitanda kimekuwa kipana, mvua inapiga dirishani naye hapati usingizi. Yule bwana namjua. Mvua ikinyesha alikuwa halali, anazimia. Katika wimbo uliovuma kuliko yote gitaa linanyamaza, naye anauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Mke wangu, umekwenda wapi?" Anasubiri, hajibiwi, anauliza tena, na tena, kama mtu aliyepotelewa na kandambili.

Watu wa Bungu wakaipenda. Vijana wa bodaboda, waliokuwa wakipiga singeli mpaka kuku wanahama, wakawa wapole ghafla, wameegemea pikipiki zao macho yamelegea. Saluni ya jirani iliurudia wimbo ule tangu asubuhi mpaka wanafunga. Mwalimu mmoja wa sekondari, nikimpima suruali, akanieleza kwamba albamu imekomaa, ina ukweli ndani.

"Ukweli gani, mwalimu?"

"Mtu hawezi kuimba vile kama hakutendwa."

Suruali yake niliibana kiunoni kwa makusudi. Watu walinunua mihogo kwa dada huku wakiuimba wimbo huo huo, na waliojua kwamba mke mwenyewe ni yeye walikuwa wabaya zaidi. Walipokea chenji yao wakimtazama kama mwizi wa sadaka.

Ningeyapuuza yote hayo kama yangeishia masikioni. Lakini kulikuwa na mkulima wa Mtunda, mtu mtaratibu, aliyefiwa na mke, ambaye alimtuma mjomba wake aulize kwa adabu kama talaka ya dada imeshatoka. Tukamwendea sheikh. Sheikh akampigia shemeji simu, na safari hii ilipokewa. Shemeji akasema yeye ndiye aliyekimbiwa, hawezi kumpa talaka mwanamke mkaidi, na kama hatumwamini tusikilize albamu. Sheikh alikuwa ameshaisikiliza. Mjomba wa Mtunda naye, mtu mzima mwenye mvi, akatuambia wao wanasita, maana wimbo wameusikia. Yaani mzee amechukua ushahidi kwenye spika ya bodaboda. Nilimkaribisha chai kwa shida sana.

Dada hakubishana na mtu. Alisema tu, "Nikipata talaka yangu, waseme wanavyotaka."

Bendi ilikuja kuizindua albamu hapo Bungu, kwenye uwanja wa mpira, baada ya sala ya alasiri. Shemeji alivaa koti la ngozi katika joto lile. Mama na shangazi zetu walikuwa wamekuja kutoka Kiongoroni kuuza kamba wakavu, nao wakatufuata uwanjani. Kule kwetu wimbo hausikilizwi kwa kukunja mikono. Mwimbaji akiuliza, wanawake wanaitikia, na kumwacha aulize peke yake ni kumwaibisha.

Mambo mawili nikayagundua mapema. La kwanza, magitaa yalikuwa ya kushika tu. Muziki ulitoka kwenye flashi. La pili, shemeji mwenyewe haimbi, anafungua mdomo. Hadhira haikuona kitu. Ilikuwa inafuta machozi.

Gitaa likanyamaza. "Mke wangu, umekwenda wapi?"

"Nipo Bungu," dada akajibu. Hakupaza sauti. "Nakaanga mihogo."

Waliokuwa mbele wakageuka. Flashi, ambayo haina macho, ikauliza tena umekwenda wapi.

"Nipo Bungu, nangoja talaka yangu."

Shangazi zangu walihitaji hilo tu. Wakaanza makofi yetu yale ya Kiongoroni, wakaitikia, "Mpe talaka yake!" Wanawake wa saluni wakadakia, kwa sababu kiitikio kizuri hakiachwi. Halafu vijana wa bodaboda, wale wale wa macho kulegea, wakaimba kwa nguvu kuliko wote. Sikuwahi kuwadharau watu kama nilivyowadharau dakika ile, wakiwa upande wangu.

Shemeji alimwashiria fundi wa mitambo azime. Fundi alikuwa anapiga makofi. Wimbo ukauliza tena, midomo ya shemeji ikiufuata kwa mazoea, na uwanja mzima ukamjibu.

Ulipokwisha, akabaki na kipaza sauti mkononi, jasho linamtiririka. Akamtafuta dada kwa macho mpaka akampata.

"Nimekuacha," akasema. "Talaka moja. Haya, chukua."

Hiyo ndiyo sauti pekee iliyotoka kooni mwake siku ile, nayo ilikwaruza. Sheikh, aliyealikwa kufungua shughuli kwa dua, akasema imesikika, yeye ni shahidi. Watu wakashangilia. Kesho yake kila mtu stendi alikuwa na video kwenye simu, na kila mtu alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba yule bwana ni mwongo.

Tulirudi nyumbani na mama. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nikawaza eda itakwisha lini, nikawaza gauni nitakalomshonea, tena nikaanza kumwigiza shemeji na koti lake. Mama akanigusa bega. Dada alikuwa amekaa kwenye kizingiti, analia.

"Sasa unalia nini?" nikamuuliza. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Ndicho," akasema. "Lakini nilidhani akiniona atakataa kwanza."