Maji ya Kwanza ya Vitambaa vya Altare

Jumamosi iliyopita ng'ombe wetu alikunywa maji ya kwanza ya vitambaa vya altare. Naandika hivi moja kwa moja, maana nikizungukazunguka nitajikuta najitetea.

Ni vile vitambaa vidogo Padre anavyofutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, baada ya komunyo. Huu ni mwaka wa tatu navifua nyumbani, huku juu Old Moshi. Aliyenifundisha alisema niviloweke kwanza bila sabuni, kwa kuwa huenda vimebaki na tone la Damu ya Bwana. Maji hayo hayamwagwi mferejini wala chooni. Yanamwagwa kwenye udongo safi, pasipokanyagwa. Baada ya hapo ndipo sabuni.

Siku hiyo niliacha beseni mlangoni nikaingia jikoni kuepua ndizi. Niliporudi, mama mkwe ameshaanika vitambaa na beseni liko bandani, ng'ombe analilamba.

"Mama, maji yale!"

"Ni safi kabisa, hata povu hayana," mama mkwe akasema. "Ulitaka nimwage? Huyu anywe nini, soda?"

Nikamweleza. Akamtazama ng'ombe.

"Basi leo kakomunika, na wala hajaungama." Akacheka. Alipoona sicheki, akajifunga kanga upya. "Sikujua, mwanangu."

Kweli hakujua. Miaka mitatu tunafua katika ua mmoja na sikuwahi kumwambia. Nadhani nilipenda kazi hii iwe yangu peke yangu. Mimi wa darasa la saba, nisiyesoma masomo kanisani wala kuimba kwaya, ndiye ninayegusa vitu vile.

Wiki nzima nilikaa na hofu mbili. Niliogopa kuwa nimemkosea Bwana, na niliogopa kunyang'anywa kazi. Ningependa kuandika kwamba hofu ya kwanza ndiyo ilikuwa kubwa. Sina hakika.

Jana nikaenda kwa Padre. Njiani nilipanga kusema, "Mama mkwe wangu alikosea." Nilipofika nikaona maneno hayo ni ya kweli lakini si ya haki. Beseni nililiacha mimi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, amina. Uso huo vipi, kuna msiba?"

Nikasema yote. Akauliza kama nilikusudia. Hapana. Akauliza kama ng'ombe ni mzima. Mzima, Baba. Akakohoa. Nilidhani anazuia kicheko, ila huenda alikuwa na mafua, sitaki kumsingizia. Kisha akasema taratibu, "Kama kazi inakuelemea, naweza kumpa mwingine..."

"Hapana!"

Hata hakuwa amemaliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayegombania mpaka wa shamba. Nikaona aibu.

"Nisamehe, Baba. Ukitaka, mpe yeyote."

Akanikabidhi vitambaa vya wiki hii. "Mfundishe mama mkwe wako. Mvifue pamoja."

Nikaitikia, lakini moyo haukuitikia haraka hivyo.

Leo asubuhi nimemwita. Nimemweleza kila hatua, na nimejichunguza nisiruke hata moja makusudi ili akosee. Amesikiliza, kisha kabla ya kugusa chochote akaenda kunawa mikono. Akarudi, akaitazama mikono, akaenda kunawa tena.

Mimi nilikuwa nanawa mara moja. Na zipo siku, nikikumbuka vizuri, sikunawa kabisa.