Birika la Mtaliano

Mtaliano yule alikuwa msanifu wa majengo wa kweli alipokuja Maskati mwanzo wa miaka ya tisini, na mimi, mkalimani wake katika ofisi yetu ya Ruwi, nilimheshimu. Alichora benki, kisha majumba ya matajiri Azaiba, yenye baraza pana na kivuli cha maana. Baadaye akaona nyumba hazimpatii jina. Akahamia viti, taa, mara vijiko. Kila akirudi kutoka kwao ana kitu kipya kinachong'ara kisichofaa kwa lolote.

Siku moja nikamleta kula kwetu Darsait. Bi Mkubwa wangu, mama yangu mzazi, alikuwa akipika biriani la maharusi; watu walimpa kazi kwa usafi wake kuliko hata mkono wake, na tukila kwa hilo. Mgeni akaomba choo. Alikaa huko mpaka nikaona haya mimi. Akatoka macho yamemtoka kwa furaha, akaomba karatasi, akachorachora pale pale mbele ya samaki. Dele letu la kahawa, la shaba, lilikuwa sebuleni kutwa. Hakulitupia jicho.

Miaka ikapita, hoteli iliyompa kazi ya kubuni vyombo vyake ikafunguliwa, nami nikaitwa kukalimani. Wahudumu wakapita na sharbati ya zafarani katika mabirika ya fedha, nikalitazama moja vizuri. Tumbo la duara, mdomo mrefu uliopinda: astaghfirullahi, lilikuwa birika la chooni, lile letu la plastiki la kijani tunalochambia! Wageni wakatazamana. Wakanywa kwa adabu, midomo wameibana.

Bwana akasimama kuhutubia. Umbo hili, akasema kwa Kiingereza, nimelipata nyumbani kwa mama wa mkalimani wangu, mpishi mkubwa wa mji huu. Kisha akanigeukia nitafsiri.

Mbele yangu wamekaa wateja wa mama, na wengi Kiingereza wanakijua. Nikinyamaza, kesho mji mzima utasema Bi Mkubwa anawanywesha wageni kwa birika la chooni, na hakuna atakayemwita tena kwenye harusi. Nilimchukia mtu yule.

Nikatafsiri kwa Kiarabu, neno kwa neno, kisha nikaongeza langu: "Na pale nyumbani kwetu, aliliona chooni."

Bilauri zikatuliwa moja baada ya moja. Mwenyewe akadhani wanamheshimu, akainamisha kichwa.

Mama hakukosa harusi hata moja. Mtaliano naye, huko kwao, walimpa tuzo kwa uchafu ule. Nikaona picha yake gazetini, birika limezungukwa na malimau. Akamletea Bi Mkubwa moja kwa shukurani. Mama akaligeuza, akauliza kama watu walilinywea kweli. Nikamwambia walilinywea. Akasonya, akalipeleka chooni, mahala pake.

Jioni akatoka nalo, kanga imemrowa mpaka magotini, akalitupa kwenye pipa la taka.

"Hata kwa kazi yake halifai," akasema. "Linavuja."