Mjomba na Nyota Iliyolipuka

Mjomba wangu ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Misisi, na haamini mtu. Nilipokuja mjini Baraka kwa likizo, alinihoji juu ya kazi yangu. Nikamweleza: nyota ikilipuka, tunangoja miezi mingi mpaka wingu lake la gesi liwe jepesi, kisha tunaupasua mwanga wake rangi kwa rangi, tujue ndani kulikuwa na nini.

Akaacha kula ndagala, vile visamaki vya ziwani. “Ati bantu banangoja miezi yote ile juu ya mwanga tu? Na dhahabu iko?”

Nilichoka kuhojiwa kama mwizi. “Mjomba, tunaona chuma na oksijeni. Dhahabu hatujaiona!”

Akaenda kufunga mlango, akashusha sauti. “Mutoto wa dada, kule mashimoni, mwenye kuipata ndiye anasema vile. Sasa uniambie, ile nyota iko upande gani?”