Mhariri wa Kamusi na Kadi ya Mwisho

Mhariri wetu wa kamusi huisoma kila kadi kwa sauti ya chini, kidole gumba kikipapasa ukingo wake, na kadi asiyoitia saini haiingii kitabuni. Asubuhi ile gari la kiwanda cha uchapaji lilikuwa likisubiri, naye alibakiwa na kadi moja: neno la Kiingereza "drab", lenye maana ya kitu kilichopooza, kisichovutia. Asili yake aliijua, kwamba lilihusu kitambaa kisichotiwa rangi. Alichotaka kujua ni jinsi kitambaa kilivyopata sifa mbaya namna hiyo.

"Tia saini, mzee wangu, neno lenyewe linachosha," mpiga chapa wetu alimtania.

Aliteremka kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, akaomba kuonyeshwa kitambaa cha aina hiyo, akakipapasa kwa muda mrefu.

"Hiki kina kasoro gani?"

"Hakina, kaka. Kigumu kuliko vyote humu. Ila wateja wakiingia, macho yao yanakipita, hayo kwenye vitambaa vya maua!"

Yeye ambaye sijapata kumwona akikimbia alipanda ngazi mbilimbili, akaandika kwenye kadi "kisichosimamisha macho," akatia saini. Dereva alikuwa ameshawasha gari.